Marinda ya Mwewe

Ukikutana na Fundi kwa mara ya kwanza, jicho lako litatua kwenye kidole chake cha kati cha mkono wa kulia. Amekivika kastabini, kile kikofia kidogo cha bati ambacho mafundi cherehani hukitumia kusukumia sindano isiwachome. Si ajabu fundi kuvaa kastabini akiwa kazini. Ajabu ni kwamba huyu huivaa hata sokoni akichagua vitunguu, na ukimpa mkono kumsalimu utahisi bati baridi likikugusa kiganjani. Siku ya mazishi ya mama yake aliivaa pia. Waliokuja kumpa pole walidhani ni pete.

Hakuwa na nadhiri yoyote, wala hakutaka kuonekana wa aina yake. Alisahau tu kuivua siku ile, na tangu hapo hakuona sababu ya kuivua.

Kwa miaka kumi na moja alimuuguza mama yake katika chumba kilekile alichokuwa akishonea. Cherehani upande huu, kitanda upande ule, katikati kamba ya nguo iliyotundikwa sketi za sare za shule, zote za buluu, zote za marinda. Dawa ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana na saa mbili usiku. Mama alipofariki, dawa zikaisha lakini saa zikabaki. Kila siku alfajiri Fundi aliamka, akamimina maji kwenye glasi, akasimama nayo kando ya kitanda kitupu mpaka akumbuke kwamba hakuna wa kuyanywa. Basi akayanywa mwenyewe, akaenda kukaa kwenye cherehani.

Mdogo wake, mwanamke mnene mwenye sauti ya kengele, anakaa nyumba mbili kutoka pale na anafuga kuku wa mayai. Yeye alilia kwa wiki tatu, akalia mpaka akaugua mafua, halafu akanyamaza na kuanza kumwangalia dada yake kwa wasiwasi.

"Dada, tangu tumzike mama hujalia hata siku moja."

"Nitalia nikipata nafasi."

"Nafasi unayo tangu asubuhi mpaka jioni!"

"Basi nitalia kesho," akasema Fundi, akakata uzi kwa meno.

Hakuwa akifanya mzaha. Aliitafuta huzuni ndani yake kama mtu anavyopapasa mfukoni kutafuta ufunguo, akakuta mfuko mtupu. Chakula alikula, kazi alifanya, redio aliiwasha. Ukimuuliza redio ilisema nini, hajui.

Huyo mdogo wake ndiye aliyemfikisha kituoni. Kila wiki alikuwa akipeleka mayai yaliyopata ufa kwenye nyumba moja ya zamani nyuma ya karakana ya magari, ambako watu wachache wa kujitolea huwatibu wanyama pori walioumia na kuwarudisha porini. Siku moja akasikia kwamba wameletewa komba wachanga wanne wasio na mama, na wanatafuta mtu wa kuwashonea mifuko ya kulalia. Akarudi mbio.

"Dada, kuna wateja wanakutaka. Wana macho makubwa na mkia."

Fundi akaenda kwa sababu kwenda kulikuwa rahisi kuliko kubishana. Akapima komba mmoja kwa macho, akarudi nyumbani, akafungua sanduku la mama yake. Akatoa mashuka tisa na kuyapitisha mkasi moja baada ya jingine bila mkono kutetemeka. Mdogo wake aliingia akakuta vipande vimetanda sakafuni, akashika mdomo.

"Yale mashuka ya mama?"

"Yalikuwa yamekaa tu."

Jambo lililomrudisha kituoni wiki iliyofuata, na zilizofuata baadaye, halikuwa komba. Lilikuwa kibao. Kwenye mlango wa chumba cha matibabu, na kwenye kila banda, kimepigiliwa kibao kilichoandikwa kwa rangi nyekundu: USIONGEE. Mnyama wa porini akizoea sauti ya binadamu, anapoteza hofu yake, na akiipoteza hofu yake hawezi tena kuachiliwa. Kwa hiyo mle ndani watu hufanya kazi kimya, kwa ishara za mikono na macho. Fundi alisimama mbele ya kile kibao akakisoma mara mbili. Mahali ambapo hakuna mtu wa kumwambia pole! Akaomba apangiwe siku tatu kwa wiki.

Mazungumzo yote ya kituo yalihamia jikoni, na huko bwana mkubwa alikuwa Mpishi. Alipikia watu hotelini miaka thelathini, akastaafu, sasa alikuwa akiwakatia nyama bundi na kuwachemshia mayai nguchiro.

"Wateja wangu wa siku hizi hawana makuu," alipenda kusema. "Hawaulizi chumvi, hawaiti meneja. Wakiudhika wananing'ata tu, yamekwisha."

Mpishi ndiye aliyemgundua Fundi. Siku moja alimpa chai akasahau sukari. Fundi akainywa yote. Siku ya pili akaacha kuweka sukari makusudi. Akainywa yote. Wiki nzima Mpishi akampa maji ya majani makavu, na Fundi akarudisha kikombe kitupu na kusema asante. Mpishi hakumcheka. Alikwenda akamwambia Daktari, "Huyu mama hayupo. Ametuachia mikono tu."

"Mikono hiyo naihitaji," akajibu Daktari.

Daktari alikuwa binti mwembamba aliyefunga miwani yake kwa kamba ya kiatu ili isimwangukie mgonjwa. Umri wake ungeweza kumfanya awe mtoto wa Fundi, na alimheshimu hivyo. Asubuhi moja alimfuata stoo alikokuwa akihesabu mifuko.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

"Mama, unaweza kushona kitu ambacho hakishoneki?"

Alikuwa ameletewa mwewe. Jalala la mjini lilikuwa limewaka moto, na ndege huyo aliyezoea kuokota mabaki pale alishuka mahali pabaya. Mwili wake ulikuwa mzima, mifupa mizima, bawa la kushoto halina doa. Lakini kwenye bawa la kulia manyoya saba ya kurukia yalikuwa yameungua, vikabaki vishina vyeusi vyenye urefu wa kidole gumba. Vishina hivyo havikui. Ndege husubiri mpaka majira ya kubadilisha manyoya, na majira hayo yalikuwa mbali, karibu mwaka mzima. Mwewe hawezi kukaa mwaka kwenye banda. Hujigonga kwenye wavu mpaka avunje na yale yaliyobaki.

Iko dawa, Daktari akaeleza, na dawa yenyewe ni ya fundi zaidi kuliko ya daktari. Unachukua manyoya ya mwewe aliyekufa, bawa lilelile, unyoya uleule kwa nafasi yake. Unachonga kijiti cha mwanzi chembamba kama sindano, nusu unakichomeka ndani ya kishina kilicho wazi kama mrija, nusu ndani ya unyoya mpya, kwa tone moja la gundi. Kituo kilikuwa na mabawa ya mwewe mmoja tu, aliyegongwa na gari, yakihifadhiwa kwenye friza chini ya samaki wa Mpishi.

Jioni hiyo mdogo wake aliposikia, karibu aangushe trei ya mayai.

"Mwewe? Dada, umekosa ndege wa kumtibu? Mwezi jana vifaranga wangu sita wamekwenda na maji, na mwizi ni huyohuyo!"

"Huyu alikuwa jalalani."

"Alikuwa jalalani akila mifupa ya vifaranga wangu! Mtengeneze, umrudishe kazini!"

Fundi alichonga vijiti saba, akavilainisha kwa msasa. Siku ya kazi Daktari alimlaza ndege mezani, amefunikwa macho kwa kikofia ambacho Fundi mwenyewe alikishona, na miguu imefungwa kwa kitambaa laini. Kwa saa mbili nzima hakuna aliyetamka neno. Fundi aliweka kipande cha karatasi chini ya kila kiungo ili gundi isigande kwa jirani, akasukuma kijiti kwa kastabini, akashikilia, akahesabu mpaka sitini. Unyoya wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alipomaliza alirudi nyuma hatua moja kutazama, kama anavyotazama sketi iliyokwisha. Manyoya yote saba yalilala bapa, sambamba, hakuna ulioinuka kuliko mwenzake. Daktari alimwinulia dole gumba. Hata Mpishi aliyechungulia dirishani alipiga makofi ya kimya.

Siku tatu baadaye wakampeleka kwenye banda la mazoezi, lenye urefu wa hatua arobaini, wavu pande zote. Mwewe akajirusha kutoka kwenye kijiti cha kukalia, akapiga bawa mara mbili, akapinda kulia kama baiskeli yenye tairi bovu, akajibamiza kwenye wavu. Akaanguka, akakaa mchangani mdomo wazi. Wakamrudia kesho yake, ikawa vilevile.

Daktari akampapasa bega kwa muda mrefu. Jikoni, ambako ruhusa ya kuongea ilikuwepo, akakaa ameshika tama.

"Ni bega, bila shaka. Moto ulimwingia mpaka kwenye mishipa, nikadhani ni manyoya tu. Tangu jana hagusi nyama. Anapungua." Akavua miwani. "Nampa mpaka Jumamosi. Asiporuka sawasawa, nitamchoma sindano alale. Kumweka hivi ni kumtesa."

Mpishi akatazama sakafu. Fundi akaosha kikombe chake, akaaga, akaenda nyumbani. Akajichunguza njiani kama anasikia uchungu wowote. Alisikia viatu vyake tu.

Usiku huo hapakuwa na la kusimulia. Kesho yake, siku ya Jumatano, alikuwa na sketi kumi na mbili za kupiga pasi. Akatandaza ya kwanza, akapanga marinda yake kwa vidole, bapa, sambamba, akabonyeza pasi. Akapanga ya pili. Akafika ya tatu, vidole vikasimama.

Bapa. Sambamba. Hakuna lililoinuka kuliko mwenzake.

Akaiinua sketi mbele ya dirisha. Rinda likipigwa pasi linalala, kwa sababu kazi yake ni kulala. Lakini bawa si sketi! Miaka thelathini vidole vyake vilikuwa vimefundishwa kunyoosha kila kilichoinama, na mezani kwa Daktari vilikuwa vimefanya kazi yao bila kumuuliza. Hakuwa ameliangalia bawa zima la kushoto hata mara moja. Alikuwa ameliangalia la kulia kama anavyoiangalia nguo. Harufu ya kitambaa kinachoungua ndiyo iliyomshtua. Pasi ilikuwa imekaa juu ya sketi ya pili, ikaacha alama ya kahawia yenye umbo lake.

Hakufunga mlango. Mdogo wake alimwona akipita barabarani bila viatu vya kutokea, akaita, "Dada, kuna nini?" Hakujibu. Alipofika kituoni alimkuta Daktari akiandika kwenye ubao wa ratiba: Jumamosi, mwewe. Neno la tatu hakuwa ameliandika bado.

"Daktari, kosa si bega. Kosa ni langu."

"Mama, usijilaumu, kazi yako ilikuwa safi kabisa."

"Ndiyo kosa lenyewe. Ni safi mno. Nimempiga pasi." Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kusema mle ndani, na hakuishia hapo. "Nifungulie lile la kushoto, niliangalie likiwa wazi."

Wakamtoa ndege. Daktari akalifungua bawa zima mbele ya mwanga wa dirisha, na Fundi akainama mpaka pua ikakaribia kugusa. Kila unyoya ulikuwa umeinama kidogo kwenye mhimili wake, ukingo mmoja juu, mwingine chini, kama vile vioo vya madirisha unavyoviinamisha kwa mkono wa chuma ili upepo upite. Kila mmoja ulimwegemea mwenzake. Ya bawa la kulia yalikuwa yamelala kama barabara. Upepo ukija yanafunguka, yanamwaga hewa yote chini, na ndege anazama upande huo.

Daktari alitazama huku, akatazama kule, uso ukamshuka.

"Na mimi nilikuinulia dole gumba," akanong'ona, akisahau kibao chake mwenyewe.

Kurekebisha hakukuwa jambo la mchezo. Gundi ile haifunguki. Ilibidi manyoya yakatwe pale kwenye kiungo na kuungwa upya, na kila ukikata, kishina kinafupika. Daktari akapima kwa rula. Kilichobaki kingeshika kijiti kimoja zaidi, basi. Wakikosea tena, hakuna pa kuchomeka.

"Tungoje?" akauliza.

"Anakula?"

"Hali."

"Basi tunangoja nini?"

Safari hii Fundi alianza pale anapoanzia nguo yoyote, kwenye pateni. Aliomba karatasi kubwa, akalichora bawa la kushoto likiwa wazi, unyoya kwa unyoya, na pembeni ya kila mmoja akaweka alama ya mahali ukingo wake unapoinuka. Kisha akaigeuza karatasi, akafuatisha mistari ile upande wa pili kwa penseli, kama anavyofanya akitaka mkono wa kulia wa shati kutoka kwa mkono wa kushoto. Mpishi akaitwa kushika taa. Alhamisi mchana wakakata, wakachonga, wakaunga. Kwa kila unyoya Fundi aliacha vidole vyake vinyooshe kama vilivyotaka, halafu akavilazimisha kurudi, mpaka ukingo ukalingana na alama kwenye karatasi. Mgongo ulimuuma. Alipofika unyoya wa saba aligundua kwamba unamuuma, na kwamba ulikuwa umemuuma tangu wa pili.

Alipotoka, jikoni walimpa chai. Akapiga funda moja, akakiweka kikombe mezani.

"Chai hii haina sukari."

Mpishi akaduwaa na kijiko mkononi. "Unasema?"

"Haina sukari. Umesahau."

"Nimesahau, mama yangu," akasema Mpishi, akavuta kopo haraka, akageukia dirisha kama aliyeona kitu nje. "Nimesahau. Uzee huu! Vijiko vingapi?"

"Viwili." Akafikiri. "Vitatu."

Ijumaa hakuwa na zamu, lakini alikwenda. Ijumaa jioni mwewe alikula kipande kimoja cha nyama, kidogo kama ukucha. Daktari alikiandika ubaoni kwa herufi kubwa, lakini hakufuta neno Jumamosi. Sindano ilikuwa kwenye trei yake, imefunikwa kitambaa cheupe.

Jumamosi asubuhi upepo uliamka kabla ya watu. Juu ya nguzo ya banda la mazoezi Daktari alikuwa amefunga utepe wa kupimia upepo, na Fundi akautambua. Ulikuwa mabaki ya shuka, lile la maua madogo ya njano ambalo mama yake alipenda kufunikwa wakati wa baridi. Alilitazama likipeperuka.

Walikuwa wanne nje ya wavu. Wa nne alikuwa mdogo wake, aliyefika akihema, trei ya mayai kichwani.

"Na wewe?" Mpishi akanong'ona.

"Nimekuja kumtambua mshukiwa," akanong'ona yeye, na kwa sauti yake ile mnong'ono wenyewe ulifika barabarani. Daktari akaonyesha kibao. Mama wa kuku akafunga mdomo kwa mikono miwili. Kisha akaondoa mkono mmoja na kuushika mkono wa dada yake.

Ndani, mwisho wa banda, boksi lenye mwewe lilikuwa juu ya meza, na kamba ya kufungulia mlango wake ilipita chini ya wavu mpaka mkononi mwa Fundi. Daktari ndiye aliyesema iwe hivyo. Kutoka pale mpaka kijiti cha upande wa pili ni hatua arobaini. Mwewe akizimaliza, wiki ijayo wavu huu utafunguliwa juu na mji wote utakuwa wake, pamoja na vifaranga. Asipozimaliza, ipo trei ya sindano.

Ndani ya boksi kucha zilikwaruza mbao. Ti, ti, ti, kitu kingine kikajibu kwa nje. Mpishi akatazama huku na huku, kisha akaelekeza kidole kwenye mkono wa Fundi. Ilikuwa kastabini, ikigonga nguzo ya chuma. Mkono wake ulikuwa ukitetemeka na yeye hakuwa amejua. Ndege alikuwa akiisikia.

Fundi akaishika kastabini kwa vidole vya mkono wa pili. Ilikataa kidogo, ikazunguka, ikatoka. Kidole chini yake kilikuwa cheupe, kimekunjamana kama cha mtu aliyefua siku nzima. Akaitia mfukoni, akaishika kamba tena, na safari hii aliihisi kamba yenyewe, nyuzi zake, unyevu wake wa asubuhi.

Akamwangalia Daktari na kuinua nyusi. Sasa?

Daktari akautazama utepe juu ya nguzo. Ulikuwa bado umenyooka kuelekea karakana, upepo mkali mno kumwachia ndege. Akatikisa kichwa. Bado.

Utepe ukashuka kidogo. Fundi akakaza kamba. Upepo ukaushika tena, ukaunyoosha, ukauchezesha. Mdogo wake akaminya mkono wake. Maua ya njano yakashuka, yakapanda, yakashuka chini kuliko mwanzo, na Fundi, macho juu, alikuwa akisubiri yatulie.